Mwaka Nilijua Ndago

Balinipigia telefone kutoka Beni, bakaniambia Zaina, jirani yangu ya zamani, amekufwa. Nilikuwa na makemba, ndizi ya kupika, ku moto. Nikaiacha ikaungua, nikaanza kutafuta kitambaa ya kichwa. Batoto yangu ba hapa Butembo bakaanza kulia kama batu benye bamefiwa na mimi: "Mama, barabara ni mubaya, mama, ngoja kwanza tusikie habari." Nikabaambia, bale banyang'anyi ba mu pori bataniiba nini? Meno? Basi baangalie kwanza kama inafika ya kugawana. Nikapanda gari. Kufika kule, bijana balikuwa banakata majani mu lupango, uwanja ya nyumba yake, juu ya kupanga viti ya kilio. Moja anakata na coupe-coupe, shwa, shwa, jasho inatiririka, anajiona ni mutu ya kazi. Nikacheka. Akaniangalia na haya, kama mujukuu na nyanya yake: "Koko, mbona unacheka ku kilio?" Nikamwambia, nacheka juu wewe unanyoa nywele ya mutu na unafikiri umemuua. Urudi kesho kutwa umusalimie. Nikainama, mugongo ikalia krrr kama mulango ya zamani, nikang'oa kijiti moja ya ile majani, nikaizungusha kati ya vidole. Haikuzunguka. Ilikuwa na pembe. Nikakaa pale chini, bakafikiri nimeanguka juu ya uchungu, bakaleta maji. Uchungu ilikuwako, mais kitu yenye ilinikalisha chini ni mwaka nzima, mwaka yangu ya kwanza mu Beni, yenye ilinirudilia kupitia vidole.

Ile mwaka nilikuwa mughole. Kwetu mughole ni bibi mupya, ule balitoka kuleta juzi, ule bado anaogopa kufunua sufuria ya wenyewe. Balinitosha kule juu Masereka, kwenye mutu anaamukaka asubui na moshi inamutoka mu kinywa na hajavuta tumbaku, bakaniteremusha Beni, kwenye jua inakupiga kofi mbele ya kukusalimia. Bwana yangu Kambale alikuwa anapakia bintu ku gari ya jirani yetu, Ramazani, bwana ya Zaina. Balikuwa banaenda mpaka Kanyabayonga kutafuta maharagi, na kama mvua imeharibisha barabara, gari inalala mu matope kule na sisi babibi tunabakia kuangalia njia. Donc kusema kweli, ile mwaka mi niliolewa na mama-mukwe. Mama Masika alikuwa anaongelea mu pua, na kila neno anaifunga na "sindiyo?", kama mutu anafunga mbuzi ku muti juu isitoroke. "Mughole, maji haikuenei, sindiyo? Mughole, kwenu banafagiaka na kichwa, sindiyo?" Mpaka leo batoto bananiombaka: koko, tutoleshee sauti ya Mama Masika. Ninafunga pua na vidole, ninasema tu "sindiyo", na banaanguka chini na kucheka. Bao hawakumujua. Mi nilikuwa naisikia ile sauti mu usingizi.

Jikoni yake ilikuwa nyumba ya udongo, ndani nyeusi kama tumbo ya sufuria, mulango ya chini, ata mutoto anainama. Nyuma ya mulango kulikuwa pipa yenye alikuwa analoweka muhogo mukali, inalala mu maji mpaka inanuka kama soksi ya soda, mutu ya jeshi, njo anaitosha, anaianika, tunasaga. Pembeni ya pipa kulikuwa rundo ya ile haijaingia mu maji. "Ile hapana kugusa, mughole. Ile inaangusha mbuzi, sindiyo?" Mi mutu ya viazi na mboga ya puaro, sikujuaka kama kuko chakula yenye inaweza kukuua mbele ya kuipika. Tulikuwa tunakulia mule mule, mi na Mama Masika na Kavugho, binti yake, mwenye alikuwa anakaa na bwana yake mu nyumba ya pili mu lupango moja. Bugali ya muhogo, sombe ya majani yake, siku ya bahati kasamaki. Ile bugali ilikuwa inanikwama ku koo, na mimi kichefuchefu juu nilikuwa tayari na mimba ya kwanza. Naisukuma, inarudi, naisukuma. Bao banaongea. Kavugho alikuwa anaongea mbio, kama maharagi inamwangika ku sahani ya chuma: "Umemuona leo tena, mama? Bibi ya Ramazani? Alikuwa anachimba. Mu mupaka ya shamba yetu. Anachimba mizizi, anaweka mu kikwembe, anaenda nayo. Mutu mwenye bwana na gari, mutu mwenye mchele mu nyumba, anachimba mizizi ya nini?" Na Mama Masika anatafuna kwanza, anameza, anasema: "Mizizi haichimbwake bure, sindiyo?" Mi nasukuma bugali. Mughole hana maoni.

Mais mi nilikuwa najua Zaina anachimba nini. Yeye njo alikuwa amenifundisha. Kwanza kwanza Mama Masika alinipatia kashamba nyuma ya nyumba, karibu na mupaka ya kwa Zaina, akasema nilime maharagi tuone kama batu ba Masereka bako na mikono. Nikalima. Majani ikatoka. Nikaikata na jembe, safi, nikaenda kulala na kiburi. Kisha siku kidogo imerudi, tena mingi kupita ya mbele, imesimama kati ya maharagi yangu kama basoda ku barrière ya barabara. Nikakata tena. Ikarudi na bandugu. Mama Masika anapita, anaangalia, anasema mu pua: "Iyo ni maharagi ya kwenu, sindiyo?" Siku moja nilikuwa nimekaa mu shamba nalia kabisa, makamasi na yote, nikasikia sauti ngambo ya mupaka. Zaina alikuwa anasema polepole, kama mutu anamwaga mafuta na hataki tone ianguke. "Weye unalilia ndago? Ngojea uzae, utalilia ya maana."

Akavuka. Akaniambia funga macho. Akaniwekea kijiti moja mu mukono. "Zungusha. Inazunguka?" Nikasema inazunguka. "Iyo ni majani ya bure. Na hii?" Nikazungusha, ikakataa, ikanikwangua vidole. "Haizunguke." "Njo ndago. Majani yote inaweza kukudanganya na sura, mais kijiti ya ndago iko na pembe tatu, na jani zake zinatoka pande tatu, kama mafiga ya jikoni. Na inangaa. Angalia jani, imekunjika katikati kama iko na mufupa. Na kichwa yake ya juu, ile ya rangi ya kutu ya jembe." Mi nafungua macho, naona ni kweli, na nilikuwa nimekata ile kitu miezi nzima bila kuishika. Kisha akapiga magoti, yeye na kikwembe yake muzuri, akaanza kuchimba na vidole. Chini ya jani kukatoka kitu ya mviringo kama kitunguu ndogo. Ku kitunguu kukatoka uzi, nyembamba, ngumu, kama waya ya baisikeli. Ku uzi, mbegu nyeusi, yenye manyoya. Mbele ya mbegu, uzi tena. Mbegu ingine. "Inafuatana kama tasbihi," akasema. Nikasema kama chapelet ya kanisa. Akasema sawa, kila mutu na yake. "Jembe ikikata uzi, kila mbegu inajenga nyumba yake. Donc weye na mama-mukwe yako hamuiue. Munaipanda."

Nilipeleka ile habari nyumbani na furaha. Mama Masika akaniangalia muda murefu. "Mutu ya juzi ananifundisha jembe, sindiyo?" Akaenda shambani, akakata ndago yote na jembe, mbele yangu, juu nione.

Nyumba ya Zaina ilikuwa na chumba moja ya ndani yenye mi nilikuwa napenda kupita kanisa, Mungu anisamehe. Mukeka chini, saduku ya bati ukutani, pazia ya maua, na harufu. Ile ndago alikuwa anaunguza manyoya yake mu majivu ya moto, anaianika, inakuwa nyeusi, ngumu, kama mavi ya mbuzi kabisa, kisha anaitia ku kaa ya moto mu kijungu, anatandika nguo yake juu ya kitunga, moshi inaingia mu nguo. Ukivaa, unanuka kama mutu ametoka safari ya mbali. Harufu ya dawa na ya maua pamoja. Koko yake njo alimufundishaka. Alikuwa ananipatia mchele, mi nakula kama mutu ametoka jela, na ya tumbo yangu yenye ilikuwa inasumbua ananipa kambegu kamoja ka ndago nitafune. Chungu, mais kichefuchefu inashuka. Na siku moja Ramazani alimuletea mu karatasi ndago ya aina ingine, ndugu ya hii, ya kula. Alinionyesha: ile haifuatane ku uzi moja, kila mbegu inakaa peke yake ku mwisho ya uzi yake, na ukitafuna ni tamu kama karanga mubichi yenye balitia sukari. "Hii ni mutoto ya heshima," akasema. "Ile ya kwenu ni ya fujo. Mais sumu hakuna, si kwa hii, si kwa ile."

Munisikilize muzuri kwa kitu moja, juu mutu mwenye hakukulia kwetu hatajua. Kwetu, mwenye kukupa kitu ya kunywa anaionja yeye wa kwanza. Pombe ya kasiksi, maji, chai, ata kama ni dada yako. Anakunywa kidogo mbele ya macho yako, anapangusa mudomo, njo anakupa. Haiko tusi. Ni kusema: uhai yako iko sawa na yangu. Na mutu mwenye hakuonja, siku mbaya ikifika, hana kitu ya kujitetea.

Siku mbaya ilifika mu musimu ya mvua, mchana. Mutoto ya Kavugho, Mbusa, mwenye alikuwa bado anaongea nusu nusu, alianguka mu lupango. Alikuwa anatapika, macho inageuka, mikono imelegea kama nguo mubichi. Kavugho akamuokota. Ku mudomo ya mutoto kulikuwa kipande nyeusi, imetafunwa. Akaitosha na kidole, akainusa. Na mi, kutoka mulango ya jikoni, nikasikia ile harufu ya chumba ya Zaina. "Ni nani alikupa hii?" Mutoto anasema: "Mama Zaina." Kisha hakusema tena. Baba yake akamubeba mu mugongo, akapanda baisikeli, akaenda naye dispansere mbio. Na Kavugho akabakia katikati ya lupango na kile kipande mu kiganja, akafungua kinywa, akalia ile kilio yenye inaita avenue nzima.

Batu bamefika mbele ya kuita. Sijue balikuwa wapi, balitoka mu mianya ya nyumba. Babamama na majembe, bijana na fimbo, na mwanaume moja, fundi ya baisikeli ya pale karibu, mwenye alikuja na chupa ya petroli ya taa. Mchana kweupe, na taa hapana. Ile chupa mi niliiona wa kwanza, na sikuona tena kitu ingine. Bamemutosha Zaina mu ile chumba yake ya harufu, bakamukalisha ku barza. Ramazani na Kambale balikuwa kule Kanyabayonga na gari yabo. Mwanaume ya kusimama mbele yake hakuna. Nyumba yake ilikuwa na paa ya majani. Kila mutu pale alikuwa anajua ile siku itamalizika namna gani kama hakuna mutu atasema neno.

Chef ya avenue akafika, muzee ya kikohozi. Yeye kila neno anaisukuma na kikohozi kama gari yenye haina démarreur: "Khm. Donc. Khm. Mama, ulipatia mutoto kitu?" Zaina akasema ndiyo. Vile vile, polepole. "Alikuja kwangu analia tumbo. Nilimupa ndago atafune. Koko yangu alitupatiaka ndago kama tumbo inauma." Kavugho akamurukia: "Ulionja? Ulionja mbele? Nani alikuona unaonja?" Zaina akamuangalia. "Nani anaonjaka mbele ya mutoto?"

Ile ilikuwa kosa yake, na yeye alijua saa ile neno imetoka. Akaingiza mukono mu kikwembe, kwenye alikuwa anafungia ndago yake, akatosha moja, nyeusi, kavu, akatia mu kinywa, akatafuna mbele ya bote. Kijana moja akacheka: "Sasa njo anaonja. Mulozi anakunywaka dawa yake asubui, njo anatoka kutega batu." Na bale bengine: "Eee. Eee." Na Mama Masika mu pua, karibu na sikio yangu: "Ile haiko ndago. Ndago tunaijua, ni majani, sindiyo? Ile ni kitu ya kutoka mbali."

Sasa nisikilizeni. Bale babamama balikuwa banajua. Si bote, mais bengi. Ile mbegu balikuwa banaiona kila musimu, inaruka ku jembe, banaitupa. Kulikuwa moja mwenye tulikuwa tunapalilia naye pamoja, mwenye alisema mbele yangu "ndago iko na mayai chini kama kuku". Nikamutafuta na macho. Alikuwa anaangalia kucha zake. Mimi nimezeeka, nimeona batu ba namna nyingi bakikusanyika ku mulango ya mutu, hii miaka ya magonjwa na ya vita tumeona zaidi, na sijaogopaka sana ule mwenye chupa. Ule anasema kitu yenye anataka. Naogopaka ule mwenye kuangalia kucha. Juu mwenye kutetea mulozi, banasema, alikula naye ku sahani moja. Na mi nilikuwa nimekula ku sahani moja naye. Mchele. Mara mingi.

Sikuwa shujaa. Mais nikasikia sauti, na ilikuwa yangu: "Chef, ile ni ndago. Iko mu shamba yangu." Mama Masika akanifinya mukono, nikabeba ile alama ya kucha wiki mbili. Chef akageuka: "Khm. Ni nani huyu?" "Ni mughole ya kwa Mama Masika. Ule wa Masereka." Batu bakacheka kidogo. Mutu ya viazi. Chef akasema: "Donc. Khm. Mughole. Majani ya ndago sisi bote tunaijua. Ile mbegu nyeusi hatuijue. Ukiichimba, na ikatoka imeshikamana na majani yake, uzi haijakatika, mbele ya macho yetu, tutasema ni moja. Ikitoka peke yake..." Hakumaliza. Fundi ya baisikeli akahamisha chupa mu mukono ingine.

Tukaenda bote mu kashamba kangu. Zaina bakamuvuta nyuma. Nikapiga magoti mbele ya kishina moja, batu bakanizunguka mpaka jua ikapotea. Nikaanza kuchimba na vidole, mbio, juu nilikuwa nasikia pumzi ya batu ku shingo. Nikafika ku kitunguu. Nikaona uzi. Nikavuta kidogo, kidogo tu, na ikasema tik. Majani ikabakia mu mukono yangu na mukia mufupi, kama panya. Mbegu ikabakia mu udongo. Sauti ikapanda nyuma yangu, mmmm, ile ya ngombe mbele ya kukimbia. Kavugho anasema mbio: "Mumeona, mumeona, haishikamane, mumeona." Sikuangalia Zaina. Nikasema: "Mulete maji." Hakuna mutu alienda. Nikasema tena, na sauti ya Mama Masika, mu pua kabisa, ilinitoka yenyewe: "Mughole anaomba maji, sindiyo?" Mutu moja akacheka bila kupenda, akaenda, akaleta kibuyu.

Nikachagua kishina ingine. Nikamwaga maji pole pole, udongo ikalegea, ikakuwa uji. Nikatosha mwiko yenye nilikuwa nimesahau mu kamba ya kikwembe, juu nilitoka jikoni. Na ncha ya mwiko nikasukuma udongo upande, sikuvuta kitu. Napuliza. Namwaga. Kitunguu ikatokea. Uzi ikatokea, imepita chini ya jiwe. Nikabeba jiwe kama unabeba yai. Uzi inaendelea. Mgongo inaungua, mimba inasukuma, jasho inaingia mu macho na sina mukono ya kupangusa. Mbegu ya kwanza ikatokea, nyeusi, na manyoya yake. Nikatia vidole chini yake, nikaendelea. Uzi. Ya pili. Chef alikuwa ameacha kukohoa. Njo nikaingiza kiganja yote chini, na udongo yake, nikainua, nikamwagia maji ikabakia safi: majani juu, kitunguu, uzi, mbegu, uzi, mbegu, inaning'inia, inacheza mu upepo.

Chef akashika kijiti, akaizungusha mu vidole. "Iko na pembe," akasema. "Tatu," nikasema. Nikauma mbegu ya mwisho, nikaipasua, ndani nyeupe na kamstari ka kahawia, nikamupa anuse. Akaomba kile kipande ya mutoto ku mukono ya Kavugho. Akanusa moja, akanusa ingine. Akarudilia. "Khm," akasema. Mais fundi ya baisikeli, mwenye alikuwa amebeba chupa njia yote ile: "Harufu haiko kitu. Yeye akule. Huyu hana dawa ya mulozi mu tumbo. Akule yote, tukae tuangalie."

Ilikuwa haki. Kwetu ni haki. Nikapangusa mbegu ingine ku kikwembe, nikafungua kinywa.

"Weka chini."

Mama Masika. Alikuwa amesimama mbele yangu na mukono yake wazi. "Mughole iko na mutoto ya Kambale mu tumbo. Hiyo tumbo haiko yake peke yake. Hatutaonjeshea ule mutoto kitu ya bure mbele ya balevi." Nikamwambia, mama, nimeshaikulaka. Akasema: "Nyamaza." Ata "sindiyo" hakusema. Akaninyang'anya mbegu. Akaiangalia. Mi ninajua ile uso, alikuwa anaogopa kabisa, mudomo ya chini inaruka. Juu yeye njo alisema ni kitu ya mbali, yeye njo aliitia mu masikio ya batu miezi nzima kule jikoni. Kama anakataa, mughole ataikula na batu batauliza mama-mukwe anajua nini. Kama anaikula, amesema ni ndago. Hakukuwa njia ya tatu. Akatia mu kinywa, manyoya na yote, akatafuna. Alitafuna sana. Uso ikajikunja kama kitambaa ya kukamua. Akameza, akapangusa mudomo na nyuma ya mukono, vile mutu anafanyaka mbele ya kupatia mugeni kasiksi.

"Ni chungu," akasema. "Muende muchunge batoto benu."

Bamengojea. Yeye amesimama, anabaangalia moja moja. Hakuanguka. Kisha mama mwenye kuangalia kucha akakumbuka kama ameacha sufuria ku moto. Kisha mwingine. Bijana bakabeba fimbo ku bega kama batu banatoka kulima. Fundi ya baisikeli, nilimusikia anaambia chef, "Mi nilikuwa napita tu, nilienda kununua petroli." Mbele ya mangaribi baba ya Mbusa akarudi na mutoto ku mugongo, mulegevu, mais macho iko fasi yake. Infirmier ya dispansere alimutapisha, akamuuliza alikula nini asubui. Mutoto akasema: muhogo ya koko. Ile ya pembeni ya pipa. Alitafuna mubichi, akasikia tumbo, akakimbilia kwa mutu mwenye alikuwa na dawa ya tumbo. Mama Masika alisikia ile habari amekaa ku mulango ya jikoni. Akaingia ndani, tukasikia anavuta kitu zito. Asubui rundo ya muhogo ilikuwa imepanda juu, ku dari, na ku mulango ya jikoni kukawa ubao ya kuzuia batoto. Kavugho alikaa siku mingi bila kuongea mbio.

Zaina alifunga mulango. Hakufungulia mutu, ata mi nikapiga hodi, ata chef alikuja kusema maneno ya chef. Moshi haikutoka mu nyumba yake. Siku gari ilisikilika mbali inakuja, ile ya Ramazani na mulio yake ya kujua, njo nikamupelekea makemba ya kuchoma, nikakaa ku barza, nikasema mi sitoke. Akafungua. Alikuwa amekonda. Akakaa chini pamoja na mi, akaangalia makemba, hakuigusa.

"Kahambu," akaniita jina yangu, na ile sauti ya mafuta. "Ulikuwa unachimba polepole sana."

"Uzi ni nyembamba."

"Najua uzi. Ni mi nilikufundisha uzi. Mi naangalia ule mwanaume na chupa yake, weye uko unapuliza udongo kama unapooza uji ya mutoto."

"Ningeharakisha ingekatika."

"Ya kwanza ilikatika."

"Juu niliharakisha."

Gari ilikuwa imefika ku kona, ilikuwa inapiga honi, Kambale anapunga mukono kule juu ya magunia kama mutu mwenye hajui kitu.

"Basi siku ingine," akasema Zaina, "uanzie ku ya pili."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alisema "siku ingine" vile mutu anasemaka siku ya soko, yenye lazima itarudi.